Ua Tunduni, Ndege Sebuleni

Kabla hujaleta okidi yoyote Igogo, jua nani mwenyeji. Kasuku wadogo wa Fischer, wale wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara jeupe machoni, kwao ni huku kusini mwa Ziwa Victoria. Reichenow aliwaandika kitaalamu mwaka 1887, lakini walikuwepo kitambo. Okidi ya Paphiopedilum, yenye mdomo kama ndala, imetoka Asia; porini Afrika nzima haioti hata moja. Basi mgeni afuate ratiba ya mwenyeji.

Usihangaike kumfundisha kasuku adabu. Jike akitaka kutaga huchana majani vipande virefu kwa mdomo, akavibeba kujengea kiota, na jani nene la okidi linamfaa sana. Ukifoka atakutazama, kisha ataendelea. Mpe maganda ya mahindi yasiyopuliziwa dawa, kila asubuhi, kabla hajajichagulia. Halafu geuza mambo: tundu liwe la ua. Lizungushie wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo, maana zinki ya waya wa kawaida huwadhuru ndege. Kasuku wazunguke sebuleni, madirisha yamefungwa na feni imezimwa.

Okidi hii haina shina nene la kuwekea akiba ya maji, kwa hiyo mizizi isikauke wala isilowe tope. Ipande kwenye vipande vya magome, imwagilie maji ya mvua. Dirisha linalopata jua la asubuhi ndilo lake. Lisiwe karibu na mawe makubwa ya nje, kwani hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa jioni. Wadudu wafute kwa kitambaa kibichi. Dawa ya kupuliza chumbani inaweza kumuua kasuku. Na ulinde ua lenyewe: kila chipukizi huchanua mara moja tu.

Paphiopedilum zote zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, basi nunua iliyooteshwa kitaluni. Kasuku nao walinaswa kwa maelfu miaka ya 1980 kwa soko la nje, na leo kumfuga mnyama wa porini kunahitaji leseni. Akija mtu na wawili ndani ya kikapu, wanahema, usinunue hata kwa huruma: pesa yako ndiyo itakayomrudisha porini na mtego. Tafuta waliozaliwa tundu­ni, na karatasi zao uzione kwanza.