Sifa za Waya Unaojikokota

Miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyohukumiwa bila kusikilizwa, hakuna kinachostahili utetezi wa kitaalamu kuliko waya wa intaneti unaojikokota, yaani ule waya wa kijivu au wa buluu wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne, ambao dukani ulisifiwa kwamba hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, lakini ukishatandazwa darini hupitisha tisini na kitu, wala hauoni haya. Wenye haraka huuita mbovu. Ukichunguzwa kwa makini huonekana kuwa na fadhila nyingi, na ya kwanza ni unyenyekevu.

Unyenyekevu huo umejengwa juu ya kanuni za Ethernet, mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa waya ulioanzia kwa Robert Metcalfe katika maabara ya Xerox, California, mwaka 1973. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyuzi, ilhali ile ya megabiti 1,000, ambayo kanuni zake za nyaya za kawaida zilipitishwa mwaka 1999, huzidai jozi zote nne. Vifaa vilivyo kwenye ncha mbili za waya hupatana kasi kwanza ndipo vianze kazi, na endapo uzi mmoja umetafunwa na panya, au haukugusa pini ya plagi kwa kuwa fundi aliibana huku simu ikiwa begani, mara nyingi patano hushuka hadi 100. Kipimo nacho husoma kama 94, kwani sehemu ya kasi huliwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila kifurushi cha data. Ni watumishi wachache wanaoweza kupoteza tisa ya kumi ya nguvu zao na bado wakafika kazini alfajiri bila cheti cha daktari.

Fadhila ya pili ni ukweli. Namba 94 ni ungamo kamili, kwa kuwa anayeiona hujua papo hapo kwamba kuna uzi uliokatika, plagi iliyobanwa vibaya, au tundu la kifaa ambalo tangu kiwandani halikuumbwa kuvuka 100. Mawimbi ya hewani hayana uungwana huo: leo 60, kesho 11, na sababu hayasemi. Tofauti hii hudhihirika zaidi katika mtandao wa meshi, yaani rauta kuu inayosaidiwa na vituo vidogo vinavyopokezana mawimbi ili yafike kila chumba. Katika nyumba za tofali za kuchoma zilizoezekwa kwa bati, kama zilivyo nyingi katika miji ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mawimbi hufika chumba cha tatu yamechoka. Hapo mwenye nyumba huchomeka kompyuta kwa waya kwenye kituo cha chumba hicho, akatangaza kwamba anatumia intaneti ya waya, kumbe kituo chenyewe kinapokea kwa hewa kupitia kuta mbili. Waya wa mita moja hubebeshwa dhambi za hewa ya mita kumi na tano, na haujibu neno.

Hadi mwaka 2022, miji hiyo ilipoachana na jenereta za dizeli na kuingia katika gridi ya taifa, lawama za namna hii zilikuwa na pa kwenda: umeme. Sasa waya umerithi.

Dhuluma hiyo hufikia kilele chake katika maeneo kama Mtendeli, wilayani Kakonko, panapojulikana zaidi kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021. Pale ambapo intaneti huingia nyumbani kwa rauta ya laini ya simu, kasi hugawanywa na mnara kwa wote walio hewani, na jioni, kila mtu akiwa mtandaoni, rauta inaweza kupata megabiti 15 tu. Waya unaopitisha 94 katika nyumba hiyo una nafasi mara sita ya kinachoingia, lakini ndio unaong'olewa kwanza.

Fundi mwenye subira huuenzi kwa kuuhoji kwa utaratibu. Hupeleka kompyuta hadi kwenye rauta kuu, akapima hapo kwa waya mfupi anaouamini. Kisha hupima kwenye kituo kidogo, akitazama taa ya tundu, ambayo katika vifaa vingi hubadili rangi kasi inaposhuka. Kisha hukwangua ncha ya uzi kwa wembe, kwani uzi ukitoa weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, kosa la muuzaji na si la waya. Mwisho hukata plagi, akapanga rangi upya kuanzia nyeupe-chungwa hadi kahawia, akabana. Namba ikiruka hadi 940, sifa zote hupewa fundi.

Ikikataa, waya hustaafishwa na kuwa kamba ya kuanikia nguo uani, kazi isiyodai jozi hata moja iwe nzima, ambako hubeba mablanketi mabichi ya masika bila mtu yeyote kuupima kasi.