Safu ya Ushauri: Kabla Darasa la Uandishi Halijafunguliwa

Kozi ya uandishi ni somo la mwaka wa kwanza katika vyuo vingi, na inaposomwa kwa mtandao huwa na tabia moja ambayo wanafunzi wapya huigundua wakiwa wameshachelewa: kila kitu ndani yake ni maandishi. Katika darasa la kuta nne mtu anaweza kunyoosha mkono, kukaa kiti cha mbele na kujulikana kuwa ana bidii kabla hajaandika sentensi moja. Mtandaoni hana uso. Swali lake, udhuru wake na hata salamu yake humfikia mwalimu kama maandishi, na mwalimu, apende asipende, huanza kusahihisha hapo hapo. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alifundisha hatimkato kwa posta: wanafunzi walimtumia kadi, naye akazirudisha zikiwa zimesahihishwa. Malalamiko mengi yanayofika kwenye safu hii kabla ya muhula yana mzizi huohuo, ingawa wenye kuyaleta hudhani tatizo ni bando.

Bando, basi, lijibiwe kwanza. Msomaji wa Mbagala anahofia kuwa lake la kila siku halitaufikisha muhula mwisho. Insha ya maneno 1,000 ikihifadhiwa kama maandishi matupu haifiki kilobaiti 10, ilhali picha moja ya simu ya insha hiyohiyo, iliyoandikwa kwa kalamu daftarini, huweza kufika megabaiti 3. Anayeandika kwa mkono, akapiga picha na kutuma, analipia insha moja kwa bei ya insha mia tatu, na mwalimu anapokea pia kivuli cha kidole gumba. Kinachokula bando hasa ni vipindi vya video. Vikiwa vimerekodiwa, vinaweza kupakuliwa kwa bando la usiku. Kuandika kwenyewe hakuhitaji intaneti hata kidogo, na Moodle, mfumo unaotumika katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, hauna sababu ya kuachwa wazi wakati mtu anatafuta neno. Simu inatosha kusomea na kujibia ujumbe. Kupangia upya aya za insha ya kurasa tano ni habari nyingine: ni kama kuhamisha makochi ya sebule huku mtu akichungulia kwa tundu la ufunguo. Kompyuta ya kuazima siku mbili kwa wiki itafutwe mapema, kwa ndugu, maktaba ya mkoa au kituo cha chuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na mwanafunzi wake hana haja ya kungoja wiki ya mitihani ndipo aulize kituo kiko mtaa gani.

Kutoka Tanga ameandika bi harusi wa mwaka jana, anayekaa ukweni. Kila akishika simu asome, mama mkwe huziambia kuta kwamba siku hizi kuna watu wameolewa na simu. Hapa mama mkwe hana kosa. Anayesoma kwa simu na anayechati hawana tofauti kwa mtu anayewatazama kutoka mlangoni. Daftari lililofunguliwa na kalamu kando yake, hata kama haviandikiwi chochote, hubadilisha sura ya jambo zima. Ratiba ibandikwe jikoni, yenye siku na saa tu, bila maneno kama "moduli". Na ruhusa iombwe, isitangazwe: "Mama, naomba jioni ya Jumanne na Alhamisi, vyombo nitakuwa nimeshaviosha." Mama aliyeombwa ruhusa hugeuka mlinzi, na haitachukua wiki nyingi kabla yeye mwenyewe hajaanza kuwafukuza watoto mlangoni.

Lalamiko zito kuliko yote limetoka Machakos, kwa kijana aliyepata A ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya. Amesoma maelezo ya kozi na kukuta kuwa insha ya kwanza inataka "hoja", naye anauliza kama methali zote alizokariri zimekufa kifo cha kawaida. Insha ya mtihani ule, yenye maneno yasiyopungua 400, mara nyingi humpa mtahiniwa methali na kumtaka atunge kisa cha kuithibitisha. Ukweli wa methali umeshakubaliwa kabla kalamu haijagusa karatasi, na hakuna anayetarajiwa kuthibitisha kwamba haraka haraka ina baraka. Kazi iliyobaki ni ya urembo: jua lichomoze kwa madaha, mhusika aonywe na wazazi, akaidi, aumie. Insha ya chuo huanzia pale ambapo jambo halijakubaliwa.

Mfano upo karibu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Anayeandika kwamba marufuku hiyo ilikuwa jambo jema bado ametoa methali, maana hakuna wa kumbishia wala pa kwenda kutafuta ushahidi. Anayeandika kwamba marufuku ilisafisha mitaro ya mji wake lakini ikamwachia mama mboga gharama ya vifungashio ameshika hoja. Inaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Mtu anaweza kuikataa, na ushahidi wake uko sokoni, umbali wa nauli ya matatu. Kijana wa Machakos hahitaji kusahau alichofundishwa. Anahitaji kukigeuza: achukue methali anayoipenda kuliko zote na kuandika aya moja inayoonyesha ni wapi haifanyi kazi. Kisha, kwa wiki moja kabla ya kozi, asome kila siku tahariri moja ya gazeti la Taifa Leo na kuandika sentensi mbili tu, moja ya kile mhariri anachotaka kiaminiwe na nyingine ya kile ambacho mpinzani wake angejibu. Mazoezi haya yanachosha kuliko yanavyoonekana. Kama kozi ni ya Kiingereza, mpango wa insha unaweza kufanywa kwa Kiswahili bila aibu yoyote. Lisilofaa ni kuandika insha nzima kwa Kiswahili na kuihamisha sentensi kwa sentensi, kwa sababu msomaji atasikia lugha mbili zikigombania mkeka mmoja.

Mwalimu mmoja, naye ana shida kama wengine, analalamika kwamba wanafunzi humtumia "Habari za asubuhi mwalimu" na kuishia hapo. Wanangoja aseme "Nzuri" ndipo waendelee, kama inavyofanyika barabarani. Adabu hiyo ni njema barabarani. Kwenye barua pepe, salamu, jina, namba ya usajili, jina la kozi na swali vikae katika ujumbe mmoja, na swali lisizikwe chini ya aya tatu za kuuliza afya. Shikamoo moja inatosha.

Kutoka Songea, kijana wa miaka 22 amegundua kwamba katika kozi yake wanafunzi husomeana rasimu, na aliyepangiwa ni mwalimu mkuu mstaafu. Atamwambiaje mzee wa umri wa babu yake kwamba aya yake ya pili haieleweki? Wengi hukimbilia "Kazi nzuri sana, mzee wangu", maneno yenye heshima yasiyomsaidia mzee kitu. Njia ipo, nayo ni ya zamani: mdogo hamkosoi mkubwa, humuuliza. "Mzee, hapa nimepotea kidogo, mifugo inayotajwa ni ile ya mwanzo au mingine?" Mzee ataisoma tena aya yake, na mara nyingi atauona mwenyewe mkanganyiko ambao mjukuu hakuutaja.

Kuhusu akili mnemba, ambayo tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022 imezaa barua nyingi kuliko ndoa, jibu ni fupi. Kulipia ada ya kozi ya uandishi na kuiachia mashine iandike ni kuchangia karamu kisha kumtuma jirani akale. Kila chuo kina kanuni zake, na zisomwe kabla ya insha ya kwanza. Mwenye kuandika mwenyewe atunze rasimu zake zote, hata mbovu, kwa kuwa programu za kubaini maandishi ya mashine hukosea na rasimu ni shahidi mzuri. Asilimia ya ufanano inayotolewa na programu ya Turnitin nayo isimshtue mtu. Hupima maneno yanayofanana na ya kwingine, yakiwemo manukuu halali, na haitoi hukumu ya wizi.

Wa mwisho yuko Mwanza na amejiandikisha katika chuo cha New York. Insha ilitakiwa Jumapili saa 11:59 PM, naye akaelewa 11:59 ya Kiswahili, akajidamka alfajiri ya Jumatatu kuituma. Kama chuo kingekuwa Dar es Salaam, angechelewa kwa saa sita kamili, kwa kuwa saa hiyo ni 5:59 usiku. New York ikamwokoa bila yeye kujua: saa za huko ziko nyuma ya Mwanza kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa kiangazi, hivyo mwisho wake halisi ulikuwa Jumatatu saa 1:59 au 12:59 asubuhi. Bahati hiyo isitegemewe mara ya pili. Katika wasifu wa Moodle kuna mahali pa kuchagua ukanda wa saa, na ukishachaguliwa, tarehe zote za kozi huonyeshwa kwa saa za mahali mwanafunzi alipo. Tatizo alilobaki nalo ni kwamba insha yake ilipakiwa lakini mfumo unaiita rasimu. Baadhi ya walimu huweka sharti kwamba faili likishapanda, mwanafunzi abonyeze kitufe cha pili cha kuwasilisha. Baada ya hapo ukurasa huandika kuwa kazi imewasilishwa kwa ajili ya kusahihishwa, pamoja na tarehe na saa, na ukurasa huo upigwe picha ya skrini na kutunzwa hadi alama zitoke.