Mtaalamu wa Dhahabu

Juzi baba mdogo aliniita kwenye duara lake la kuchimba dhahabu kule Mbangala, mbele ya wachimbaji wote na mama muuza maandazi. "Mwanangu, wewe dhahabu umeisomea mpaka uzamivu. Hebu tuambie, mwamba unaelekea upande gani?"

Na kweli, utafiti wangu unahusu dhahabu. Nikakohoa kidogo, nikaanza. Chukueni nyota mbili za nyutroni, kila moja nzito kuliko Jua lakini imebanwa ikawa tufe la upana wa kilomita 20 hivi. Zinazungukana, zinasogeleana, zinagongana. Hapo nyutroni zinafurika. Kiini cha atomi kinazibugia mfululizo, baadhi zinageuka protoni, na protoni zikitimia 79, hiyo ndiyo dhahabu! Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO kule Marekani ilinasa mtikisiko wa mgongano kama huo, uliotokea umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Kila mkono wa mtambo una urefu wa kilomita 4, na mtikisiko ule uliurefusha kwa kipimo kidogo hata kuliko protoni moja. Protoni moja, ndugu zangu, na wakaupima! Kumbe nilikuwa nimeshapanda juu ya kifusi.

"Kwa hiyo kushoto au kulia?" akauliza mshika kamba.

Hayo ni ya wanajiolojia: maji ya moto yalipenya kwenye nyufa za miamba yakaiacha dhahabu ndani ya mawe meupe. Milinganyo yangu inakomea huko juu, kabla hata Dunia haijakuwepo. Akaitwa mganga. Akanusa udongo, akasema kulia, akalipwa taslimu na kuongezewa jogoo. Mimi nikaazima nauli ya kwenda Tunduma.

Hapo kicheko kinanikauka. Posho yangu haijaingia tangu masika, na fomu ya ufadhili inataka nieleze nyota za nyutroni zitainuaje kipato cha mwananchi ndani ya miaka mitatu. Yule mganga nani amewahi kumpa fomu?

Njiani, kwenye Kimondo cha Mbozi, mtoto mmoja aliniuliza kama nasomea kuzibeba zile tani 16.

Tunduma, dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani aliona milinganyo kwenye daftari langu, akaniomba timu za kuweka kwenye mkeka wa kubeti. Nikampa. Mkeka umechanika, na namba yangu ya simu anayo.