Mheshimiwa wa Kiti cha Kati

Kuna watu wakikutana hawajuliani hali, wanaulizana ndege. Ukisema umepanda daraja la biashara la Emirates, utaulizwa: ndege gani? Ukijibu A380, unapewa heshima zako: viti kwa kila safu ni kimoja, viwili, kimoja, na nyuma kuna baa ya kusimama na glasi. Ukijibu Boeing 777 ambayo haijakarabatiwa, unapewa pole. Humo ni viwili, vitatu, viwili, yaani bwana mkubwa kalipa mamilioni ili abanwe katikati kama abiria wa Hiace. Wa Qatar Airways ndio hawashikiki: tangu 2017, Qsuite, kiti chao cha daraja la biashara, ina mlango. Mtu anajifungia, analala chali, kisha anaupiga picha mlango na kuurusha mtandaoni, ili sisi wa magoti kifuani tujue alivyotaka faragha.