Mtani, Shuka Kwenye Bati: Sababu Sita za Kumwita Fundi Dishi

Umenunua dishi, kisimbuzi na waya, umevileta nyumbani kwa bodaboda, sasa unamwangalia fundi kama mtu aliyekuja kukuibia. Kabla hujapanda ngazi, tuhesabu kinyumenyume.

6. Fundi anachelewa. Kweli, "nipo njiani" yake ya asubuhi inaweza kutoka Ipuli, hapa hapa Tabora, ikafika jioni. Lakini Livingstone alikaa hapo Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi wa Stanley. Wewe hata chai haijapoa, unapiga simu tena.

5. Spana unayo. Pimamaji je? Nguzo ikiinama kidogo tu, vipimo vyote vinavyofuata ni uongo. Na jicho lako, mtani, ndilo lililojenga lile banda la kuku.

4. Miembe. Tabora bila miembe si Tabora, lakini mawimbi ya satelaiti hayana heshima kwa kivuli: yakikuta majani mazito, yamekwisha. Fundi hutazama mti kabla ya kufungua begi. Wewe utauona baada ya zege kukauka. Kukata mwembe? Kamwambie bibi, sisi tutasubiri nje.

3. Mwelekeo. Hapa ndipo wanaume wazima hulia. Satelaiti inayotumiwa na Azam iko nyuzi 7 za longitudo mashariki. Tabora iko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo dishi linatazama magharibi, njia ileile ya misafara ya zamani ya Ujiji, ila kwa kuinuka juu sana. Satelaiti ya DStv iko nyuzi 36, karibu utosini mwetu, kwa hiyo jirani wa DStv si wa kunakili. Tena dishi lenyewe limeundwa kwa mshazari: unaloliona linatazama paa la shule, kumbe linatazama mawingu. Na satelaiti iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ukikosea uzi 1 tu, umeipita kwa zaidi ya kilomita 600, mbali kuliko reli ya kutoka hapa hadi Kigoma.

2. Bati. Ukianguka, Hospitali ya Kitete ipo, lakini hawafungi madishi. Na kila tundu ulilotoboa vibaya litakukumbusha mvua za Novemba, kwenye kochi.

1. Kwaya ya sebuleni. "Bado! Bado! Ilikuja! Rudisha! Umeipita!" Kisimbuzi huchelewa sekunde kadhaa kuonyesha kama kimenasa, kwa hiyo mama watoto akipiga kelele, dishi limeshahama. Fundi ana kifaa chake cha kupimia mawimbi palepale kwenye nguzo. Hamsumbui mke wa mtu.

Lakini nisiwe mwanasheria wa mafundi. Picha ikikatika mvua kubwa inaponyesha, usimwite wala usimlipe: mvua ikipungua, itarudi yenyewe. Waya uliolegea nyuma ya kisimbuzi, kaza mwenyewe. Dishi likiwa chini uani, mbele pako wazi na una siku nzima ya kupoteza, jaribu, ni burudani bora kuliko chaneli nyingi.

Kwa nguzo na kwa paa, lipa. Ila fundi asiondoke kabla hujachora mstari wa kalamu ya wino mzito pale dishi linaposhikana na nguzo. Upepo ukilisukuma, ukilirudisha kwenye mstari huo huenda usimhitaji tena.