Bawaba Mfukoni

Simu ya kukunja ni simu ya mkononi yenye vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, kama mlango na fremu yake. Ilizaliwa na shida ya ukubwa. DynaTAC 8000X ya Motorola, ya mwaka 1983, iliuzwa Marekani kwa dola 3,995 na ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800. Aliyeiweka sikioni alifanana na mwashi aliyeduwaa na tofali mkononi, na baada ya nusu saa hivi ya maongezi betri ilimwachisha kazi.

MicroTAC ya 1989, ya Motorola pia, ilileta kifuniko kidogo kilichoziba vitufe na kushuka mpaka karibu na mdomo. Wenye nayo walikisogelea na kukinong'oneza kwa adabu. Katika matoleo ya baadaye maikrofoni iliwekwa kwenye kitako cha simu, kifuniko kikabaki plastiki tupu. Adabu haikupungua.

Simu iliyokunjika hasa nusu kwa nusu ni StarTAC ya Januari 1996, gramu 88 tu. Spika ikakaa juu, vitufe chini, na bawaba ikawa pia swichi: kufungua ni kupokea, kufunga ni kukata. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Simu nyingi za mwanzo hazikuwa na kioo cha nje, hivyo aliyetaka tu kuchungulia nani anapiga alijikuta tayari yuko hewani na mwenye nyumba anayedai kodi. Kuifunga pale pale ni matusi. Kuendelea ni kulipa. Wengine waliifunga kwa madaha, pa!, wakabana hereni au ndevu.

Ndani ya bawaba ulipita utepe mwembamba wa nyaya, uliokunjwa kila simu ilipofunguliwa. Ukichanika kidogo, sauti husikika kwa pembe moja tu, na mtu mzima huonekana kituo cha basi ameshika simu nusu wazi, shingo upande, hapumui.

Razr V3, simu ya kukunja ya Motorola ya 2004, ilikuwa na unene wa milimita 13.9, na zaidi ya milioni 130 za aina hiyo ziliuzwa. Wembamba huo ulikuwa na gharama yake: simu ilisahaulika mfukoni mpaka suruali ikafika kwenye beseni la kufulia.

Vioo vya kugusa viliisukuma simu ya kukunja pembeni baada ya 2007. Mwaka 2019 jina la Razr lilirudi kwenye simu ya kioo kinachokunjika, dola 1,499, na bawaba yake.