Hiari ya Mzazi

Wanasema mzazi wa siku hizi ana hiari: shule ya serikali au akademi ya kibinafsi. Hiari gani? Januari ikifika hapa Kitale, broka wa mahindi anajua nina karo ya kulipa kabla sijafungua mdomo. Anachomoa punje moja kwenye gunia, anaing'ata, anaitema, kisha ananitajia bei ya kunitia aibu mbele ya watoto. Nauza. Najua fika bei itapanda baadaye, lakini akademi haina subira ya mkulima.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Kibaki alipofuta karo mwaka wa 2003. Sawa, bure. Serikali humtengea kila mtoto shilingi 1,420 kwa mwaka, zikifika. Zinazopungua, mwalimu mkuu hunitafuta mimi kwa heshima zote: za mlinzi, za chakula cha mchana, rimu ya karatasi na tishu za choo. Kitinda mimba wangu yuko huko, kwa hivyo bei ya bure naijua vizuri.

Kifungua mimba yuko akademi. Huko nalipia basi la manjano linalopiga honi langoni kabla jogoo hajaamka, na sweta yenye nembo isiyouzwa kokote ila ofisini kwao. Kazi ya nyumbani bado ni yangu. Alipokuwa gredi ya nne waliagizwa sanamu ya kutishia ndege shambani. Nilikesha nikiuvisha mti suruali yangu na kofia ya marehemu babu. Ripoti ikarudi: anakaribia matarajio. Mimi huyo, mkulima wa Trans Nzoia, kuhusu ndege na mahindi nakaribia matarajio!

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya serikali huko Bungoma. Hachoki kunihubiria: "Shemeji, unatupa pesa. Walimu wenye vyeti tuko serikalini, tumeajiriwa na TSC." Watoto wake wote wako akademi. Nilipomuuliza mbona, akapunguza sauti. "Shemeji, mimi najua darasani kwangu wamo wangapi."

Lakini ngoja mtoto amalize gredi ya tisa, atafute shule ya sekondari. Wazazi wale wale waliokuwa wakiikimbia serikali sasa wanaikimbilia. Kila mtu anataka Kamusinga, kila mtu anataka Lugulu, na hizo ni za nani kama si za serikali? Mwaka wa 2011, wizara ilipogawa nafasi nyingi za shule za kitaifa kwa waliotoka shule za msingi za umma, wazazi wa akademi walipiga kelele nchi nzima. Yaani wamelipa miaka minane kuikwepa serikali, kisha wanalia serikali imewafungia mlango.

Nilimweleza haya mama watoto, nikidhani nimemaliza ubishi na kwamba kifungua mimba atahamia shule ya serikali, tuweke akiba. Akanisikiliza hadi mwisho, akaweka sufuria chini.

"Baba Nafula, umesema kweli. Basi huyu mdogo naye tumpeleke akademi, apate alama za kumwingiza shule nzuri ya serikali."

Nikamkumbusha kwamba mdogo yuko serikalini tayari. Akaniangalia kama mtu ambaye hakusoma kabisa.